MLANGO WA MAHAKAMA NA DAFTARI LAKE

Katika kila chumba cha mahakama ya nchi hii, iwe ile kubwa ya mjini au ile ndogo ya mwanzo huko tarafani, kuna mabenchi yaliyopangwa nyuma ya wenye shauri. Mabenchi hayo hayakuwekwa kwa ajili ya mawakili, wala polisi, wala jamaa za mshtakiwa peke yao. Yamewekwa kwa ajili ya wananchi. Mkulima wa Hombolo aliyekuja Dodoma mjini kuuza zabibu zake, akabakiwa na saa moja kabla ya gari kuondoka, ana haki ya kuingia, kuvua kofia, kuketi kimya na kusikiliza jinsi haki inavyotolewa katika nchi yake. Haulizwi anatoka wapi, wala hatakiwi awe na shauri lake mwenyewe.

Lakini ni wangapi miongoni mwetu tulioingia humo pasipo kuitwa? Wengi wetu hupita mbele ya mahakama kwa hatua za haraka, kama mtu apitaye penye nyuki. Tumezoea kudhani kwamba mahakamani huenda mwenye makosa, au mwenye kudaiwa, au mwenye bahati mbaya. Mazoea hayo hayakutoka mbinguni. Yalifundishwa na wakati wa ukoloni, na yafaa sasa tuyatazame na kuyaacha.

Leo twapenda kusema juu ya mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni mlango wa mahakama, yaani haki ya kila mtu kuingia na kusikia shauri likisemwa. La pili ni daftari la mahakama, yaani haki ya kuyapata maandishi ya yale yaliyosemwa na kuamuliwa. Mlango bila daftari ni nusu ya haki, kwa kuwa sauti hupotea hewani jioni ile ile, na kinachobaki kesho ni karatasi.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walisikiliza mashauri barazani, chini ya mti, mbele ya macho ya watu. Aliyedai alisema mbele ya jirani zake, naye aliyedaiwa akajibu mbele ya hao hao. Mtu aliyetaka kusema uwongo alijua kwamba palikuwa na wazee waliokumbuka mpaka wa shamba ulipopita na ng'ombe wangapi walitolewa mahari. Daftari lao lilikuwa kumbukumbu ya watu wengi, na penye wengi hapaharibiki neno.

Wakoloni walipokuja waliligawa jambo hili mafungu mawili. Kulikuwa na mahakama za Waafrika na mahakama nyingine zilizofuata sheria ya Kiingereza. Kwa sheria ya mwaka 1929 ya Tanganyika, mahakama za wenyeji ziliwekwa chini ya uangalizi wa maofisa wa utawala, nazo zikatengwa na Mahakama Kuu. Hivyo mtu yule yule aliyeamuru watu wakalime barabara au walipe kodi ndiye aliyeketi, au aliyesimamia waliokaa, kumhukumu aliyekataa. Kesi ya ngedere ikapelekwa kwa nyani. Mwananchi wa kawaida angemwuliza nani, na angepata karatasi gani ya kumpelekea mkubwa mwingine? Mgawanyo huo uliondolewa na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ambayo ilizileta mahakama zote za Tanganyika chini ya mti mmoja: mahakama ya mwanzo, ya wilaya, na Mahakama Kuu juu yao. Wasomaji wetu wasilichukulie jambo hilo kuwa dogo. Tangu hapo, hukumu iliyotolewa kijijini yaweza kupanda ngazi hadi juu kabisa, mradi tu iwe imeandikwa na maandishi yake yapatikane.

KAPENGURIA NA DAR ES SALAAM

Kwa mtu asiyeamini kwamba mlango wa mahakama una thamani, twamletea mifano miwili iliyo karibu nasi.

Mnamo Oktoba 1952 Serikali ya Kikoloni ya Kenya ilimkamata Jomo Kenyatta pamoja na wenzake. Shauri lake na la wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, lingeweza kusikilizwa Nairobi, mbele ya maelfu ya watu. Wakoloni hawakutaka. Walilipeleka Kapenguria, mbali sana kaskazini magharibi, katika wilaya iliyofungwa ambayo mtu hakuingia ila kwa kibali, na wakalisikiliza katika nyumba ya shule. Sheria haikusema kwamba mlango wa chumba kile umefungwa. Mlango ulikuwa wazi, lakini njia ya kuufikia ndiyo iliyofungwa. Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1958, Rawson Macharia, ambaye ushahidi wake ulikuwa nguzo kubwa ya mashtaka, aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uwongo na kwamba aliahidiwa malipo. Yeye akashtakiwa na kufungwa kwa kiapo hicho kipya.

Katika shauri hilo hilo tunajifunza pia thamani ya daftari. Achieng Oneko alikata rufani, na mahakama ya juu, iliposoma yaliyoandikwa dhidi yake, iliifuta hatia yake. Ni kweli kwamba wakoloni waliendelea kumweka kizuizini kwa amri nyingine, na hiyo ni aibu yao. Lakini maandishi yenyewe yalikwisha kusema kwamba hatia haikuthibitishwa, na wino huo haukufutika.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa TANU, alishtakiwa Dar es Salaam kwa sababu ya makala iliyochapishwa katika gazeti la Sauti ya TANU, ambayo serikali ilidai kuwa iliwakashifu maofisa wawili wa wilaya. Alitetewa na D. N. Pritt, mwanasheria yule yule Mwingereza aliyekwenda Kapenguria miaka mitano nyuma. Safari hii shauri lilisemwa katika mji mkuu, na umati wa watu ulikusanyika nje ya mahakama kumngojea kiongozi wao. Hakimu alimtia hatiani na kumtoza faini ya pauni 150, au kifungo cha miezi 6. Faini ililipwa. Lakini hukumu ile haikumvunjia Mwalimu heshima mbele ya watu, kwa sababu watu walikuwapo, walisikia yaliyosemwa, na walijua wenyewe uzito wa mashtaka na uzito wa majibu. Mwaka ule ule TANU iliingia katika uchaguzi ikiwa na nguvu kuliko kabla ya shauri.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Mahakama iliyo wazi humlinda mshtakiwa asionewe. Vilevile humlinda hakimu mwema asisingiziwe, maana waliosikia watamshuhudia. Na humlinda mwananchi aliye nje na uvumi, kwa kuwa penye habari za kweli uvumi hukosa chakula.

Baada ya uhuru, nchi yetu yenyewe ilitiwa katika mtihani huo. Mwaka 1970 watu kadhaa walishtakiwa kwa uhaini, na miongoni mwao walikuwamo Bibi Titi Mohamed, aliyeipigania TANU tangu siku zake za mwanzo, na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri na kiongozi wa wafanyakazi. Shauri lile zito lilisikilizwa mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, katika Mahakama Kuu, washtakiwa wakiwa na mawakili na watu wakisikiliza, hadi hukumu ilipotolewa mwaka 1971. Palikuwa na uchungu mwingi, maana waliosimama kizimbani walikuwa wenzetu. Lakini nchi changa haikuogopa kuuacha mlango wazi, na hata mshtakiwa mmoja aliachiwa huru. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila mwanachama.

SHERIA INASEMAJE

Basi leo sheria inasemaje? Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani. Ibara ya 107A, iliyoingizwa mwaka 2000, inaziagiza mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu ya kijamii au kiuchumi, na zisiicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema kwamba mahali panaposikilizwa shauri ni mahakama ya wazi, ambamo watu wote waweza kuingia kwa kadiri nafasi inavyoruhusu, na kwamba hukumu sharti isomwe hadharani. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara yake ya 10, lilikwisha kusema vivyo hivyo.

Ziko pande ambazo sheria huufunga mlango, nasi twaziunga mkono. Ushahidi katika makosa ya kujamiiana hutolewa faraghani, ili mtoto au mwanamke aliyeumizwa asilazimike kusimulia maumivu yake mbele ya macho ya mtaa mzima. Mashauri ya watoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo husikilizwa faraghani, ili kosa la utotoni lisimfuate mtu hadi uzeeni. Tena kuna mashahidi ambao maisha yao yangekuwa hatarini kama nyuso zao zingejulikana. Hakuna mzalendo atakayelalamika juu ya mambo hayo.

Mwaka 2025 swali hili liliwagusa watu wengi. Katika shauri la uhaini lililomkabili Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, mahakama ya Kisutu mwezi Agosti ilikataza mwenendo wake usirushwe moja kwa moja hewani, kwa sababu ya kulinda mashahidi. Hatutaingia katika kiini cha shauri lile, kwa kuwa kazi ya kuamua si ya gazeti. Lakini twapenda kuweka kanuni ambayo yafaa imtumikie kila mtu, awe rafiki yetu au mpinzani wetu. Kizuizi chochote sharti kitoke kinywani mwa hakimu mwenyewe; kisitoke kwa askari wa mlangoni. Sharti kielezwe sababu yake, na sababu hiyo iandikwe. Na sharti kiwe chembamba kwa kadiri ya hatari iliyopo: kama ni shahidi mmoja wa kufichwa, afichwe huyo, na mabenchi ya wananchi yabaki mahali pake. Mwanachama anayedhani kwamba kanuni hii ni ya kuwafaa wapinzani tu, na akumbuke nani aliyesimama kizimbani mwaka 1958.

MKULIMA WA HOMBOLO NA KARATASI YAKE

Sasa tuyaache mashauri makubwa, twende Hombolo. Maana mashauri makubwa husemwa na magazeti, lakini mashauri yanayoamua kama familia italala na chakula au bila chakula husemwa bila mwandishi hata mmoja kuwapo.

Hombolo iko kama kilomita 40 kutoka Dodoma mjini. Bwawa lake lilijengwa mwaka 1957, na pembezoni mwake watu hulima mboga, huvua samaki, na hupanda zabibu. Kwingineko ni mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame wa Ugogo. Zamani ardhi ilikuwa tele. Lakini tangu Serikali ilipohamia Dodoma, na mji ulipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, na kata za Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu zikiwa ndani ya jiji hilo, kila kipande cha ardhi kimepata bei. Penye bei, pana ugomvi.

Tuchukue mfano tu, wala hatumtaji mtu wala ofisi yoyote. Mjane mmoja ana shamba alilolima na marehemu mumewe. Shemeji yake anadai kwamba ni mali ya ukoo. Mtu wa tatu anatokea na karatasi ya kununua. Mjane huyu ataanza wapi?

Ataanza katika Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu ya ardhi, bali hupatanisha. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kusema hivyo, na bila hati hiyo, au bila siku 30 kupita pasipo usuluhishi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halimpokei. Tazama basi: hatua ya kwanza tu, tayari anahitaji karatasi. Akishindwa katika Baraza la Wilaya, sheria inampa siku 45 za kukata rufani Mahakama Kuu. Na ili akate rufani ya maana, sharti aione hukumu, asome sababu zake, na aonyeshe palipokosewa. Hatua ya pili, karatasi nyingine.

Hapo ndipo wengi wanapozama. Mjane anaambiwa, njoo kesho. Anakuja kesho, anaambiwa bado haijachapwa. Kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi, ni siku moja ya shamba iliyopotea, na ni mtoto aliyeachwa kwa jirani. Safari ya nne anasikia minong'ono kwamba karatasi hutembea haraka zikipewa viatu. Rushwa ya namna hii ni ndogo kwa kiasi, lakini ni kubwa kwa madhara, kwa sababu inaiuza haki ambayo imekwisha kutolewa. Chama chetu kilimfundisha kila mwanachama kwamba rushwa ni adui wa haki, na kwamba cheo ni dhamana. Ufunguo wa kabati la majalada nao ni cheo.

Sheria haikumsahau mjane kabisa. Sheria ya ukomo inasema kwamba siku za kungojea nakala ya hukumu na ya amri inayokatiwa rufani haziingii katika hesabu ya muda wa rufani. Kwa mfungwa pia ni hivyo: anapewa siku 10 za kutoa taarifa ya nia na siku 45 za kuleta rufani yake, na muda wa kungojea nakala huondolewa. Lakini aliyeomba nakala kwa mdomo atathibitishaje kwamba aliomba? Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu wote: siku ile ile hukumu inaposomwa, andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri. Ipeleke katika nakala mbili. Moja ibaki kwao, ya pili ipigwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, nawe uitunze kama unavyotunza mbegu. Siku itakapochukuliwa nakala yenyewe, tarehe hiyo nayo iandikwe. Karatasi hiyo moja yaweza kuokoa shamba.

MIRATHI NA KAZI

Twende kwenye mirathi, mahali ambapo daftari la mahakama lina kazi kubwa isiyojulikana. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo hana ruhusa ya kufanya apendavyo gizani. Anatakiwa ndani ya miezi minne alete mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu katika fomu namba 5, kisha alete hesabu ya jinsi alivyogawa katika fomu namba 6. Fomu hizo hukaa katika jalada. Warithi, mjane na watoto wanaweza kwenda kuuliza: je, ng'ombe wetu wameandikwa? Nyumba imeandikwa? Fedha za marehemu kazini zimeandikwa? Watu wangapi wamedhulumiwa na mjomba au kaka kwa miaka kumi, na jibu la dhuluma yao lilikuwa ndani ya jalada muda wote, kilomita chache kutoka kwao, na hawakujua kwamba waweza kuliomba? Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa ni sawa na lisilokuwapo.

Kwa wafanyakazi jambo ni lile lile. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usuluhishi wenyewe huwa ni wa siri, nasi hatuna ugomvi na hilo, kwa kuwa watu hupatana vizuri zaidi wanapozungumza bila kuogopa. Lakini shauri likifika kwenye uamuzi, tuzo huandikwa na sababu zake, na asiyeridhika ana wiki 6 za kuipeleka Mahakama Kuu. Hukumu za Mahakama Kuu za mashauri ya kazi husomwa hadharani. Mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi anayesoma hukumu hizo atajua mwajiri alikosea wapi katika kumfukuza mtu, na atamzuia asikosee tena. Asiyezisoma atabaki kupiga kelele tu langoni.

LUGHA YA DAFTARI

Kuna kizuizi kingine ambacho hakina kufuli lakini ni kigumu kuliko kufuli. Kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, wakili akauliza kwa Kiswahili, na hakimu wa mahakama ya juu akaandika kwa Kiingereza. Mwenye shauri aliporudi nyumbani na hukumu yake, alimtafuta mwalimu wa shule amsomee kama ameshinda au ameshindwa. Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili, lakini kadiri shauri lilivyopanda ngazi, ndivyo mwenyewe alivyozidi kulipoteza.

Mwezi Februari 2021, katika sherehe za Siku ya Sheria hapa Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, na akampandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale ambapo haki inakihitaji. Kanuni za mwaka 2022 zikaeleza nafasi ya Kiingereza. Twaishukuru hatua hiyo, lakini twasema kwa adabu kwamba ruhusa isiwe kichaka cha kujifichia. Hukumu nyingi za juu bado zinaandikwa kwa lugha ambayo mwenye shauri haisomi. Kama hakimu ana sababu ya kuandika kwa Kiingereza, basi na aweke mwishoni ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: nani amedai nini, mahakama imeona nini, imeamua nini, na siku ngapi zipo za kukata rufani.

Tusikose pia kushukuru palipofanywa mema. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu leo zawekwa katika intaneti, katika hifadhi ya TanzLII, na mtu yeyote aweza kuzisoma bila kulipa. Kenya na Uganda nazo zina hifadhi za namna hiyo. Kijana wa Hombolo mwenye simu aweza kusoma usiku huu uamuzi ambao babu yake asingeuona maishani mwake. Aprili 2025 jengo la makao makuu ya Mahakama lilizinduliwa papa hapa Dodoma. Lakini mashauri ya wanyonge huanzia chini, na huko chini jalada la karatasi bado ndilo mfalme. Jengo refu la mjini litakuwa na maana Hombolo siku mjane atakapoipata nakala yake bila kwenda mara nne.

WANAOPINGA WANASEMAJE

Wako watakaosema kwamba tukiwaita wananchi mahakamani watafanya fujo. Twajibu kwamba hakimu ana mamlaka ya kumtoa mwenye fujo, na mamlaka hayo yanatosha. Wengine watasema kwamba wananchi hawajui sheria, basi watafahamu nini? Nasi twauliza, watajuaje bila kusikia? Mtoto hajifunzi kuogelea kwa kuzuiwa bwawani. Wengine watasema makarani ni wachache na majalada ni mengi. Hilo ni kweli, na hapo lawama isimwangukie karani peke yake. Karani mmoja anayechapa mashauri ya wilaya nzima ni mfanyakazi kama sisi, naye anahitaji mashine, mwenzake wa kumsaidia, na mshahara unaomtosha asitamani viatu vya kuvisha karatasi.

Tena kuna jambo moja la kuwakumbusha wenzetu wa Chama. Wazi maana yake si kulazimisha. Mwanachama anayekwenda mahakamani kusikiliza anafanya wajibu wake. Mwenye cheo anayekwenda kukaa benchi la mbele ili hakimu amwone na aelewe anachotaka, huyo anaharibu haki, hata kama hakusema neno. Mahakama iwe wazi kwa macho na masikio yetu, lakini mikono yetu ibaki nje.

LA KUFANYA

Kwanza, kila tawi na shina liweke siku moja katika mwezi ambayo wanachama wawili au watatu watakwenda kuketi katika mahakama ya mwanzo iliyo karibu nao, wasikilize, na warudi kuwaeleza wenzao walichojifunza, bila kuwataja wenye mashauri kwa masengenyo.

Pili, katika kila mahakama na baraza kubandikwe mlangoni, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, orodha ya mashauri ya siku hiyo, muda wa rufani wa kila aina ya shauri, na malipo halali ya nakala kama yapo. Mtu aliyesoma bei ukutani si rahisi kutajiwa bei nyingine uvunguni.

Tatu, Hombolo yenyewe inacho Chuo cha Serikali za Mitaa, ambamo hufundishwa watendaji watakaoshika kalamu za mikutano na mabaraza ya nchi nzima. Hao wafundishwe kwamba muhtasari si mali ya aliyeuandika. Mtendaji anayesoma muhtasari wa mkutano uliopita mbele ya watu wake, na kumwonyesha anayeuomba, anawazoeza watu uwazi ambao baadaye watautaka mahakamani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa katika ofisi za umma, na inampa ofisa siku 30 za kujibu. Itumiwe.

Nne, vyama vya wafanyakazi vichague hukumu chache za kazi kila mwaka, vizieleze kwa Kiswahili cha kawaida, na vizisome katika mikutano ya matawi.

Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji watu watakaoacha kuipita mahakama kama wapitao penye nyuki. Mabenchi yapo, na mara nyingi huwa matupu. Twende tukakae, ndugu zetu, na tukitoka tuombe nakala.